Historia ya shule za misioni Tabora na Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu parokia yetu ianze kukusanya kumbukumbu kwa ajili ya jubilei, maswali hayakomi. Wengine wananisimamisha nje ya kanisa baada ya Misa, wengine wanapiga simu kutoka Dar es Salaam na Mwanza wakitaka kujua habari za shule waliyosoma baba zao. Nimeyaweka hapa yale yanayorudi zaidi. Nilisoma shule ya parokia, nikafundisha humo hadi kustaafu, na haya ninayoyasema yananigusa. Humu nitaandika "misioni" kama tunavyotamka wenyewe huku magharibi ya Tanzania. Anayesema "misheni" anasema jambo lile lile.

Shule hizi zilianza lini?

Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe, shirika la Kikatoliki lililoanzisha misioni zetu, ulitoka Bagamoyo mwezi Juni 1878, watu kumi, ukafuata njia ile ile ya wapagazi na pembe za ndovu. Padre Pascal, aliyepangiwa kuongoza kundi la Ziwa Tanganyika, alifia njiani kwa homa kabla ya kuiona Tabora. Waliobaki walifika hapa, wakagawana: kundi la Padre Livinhac likaelekea Ziwa Nyanza (Victoria), jingine likaenda Ujiji na kufika Januari 1879. Kwa hiyo mtu akikuuliza ni Tabora au Ujiji iliyotangulia, mjibu kwamba mguu ulipita Tabora kwanza, lakini makao ya kwanza ya kundi la ziwani yalikuwa Ujiji.

Kuwapo kwa padre hakukuwa na maana kwamba shule imeanza. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kujenga, kuzika na kuhama. Rumonge, kule ambako leo ni Burundi, wamisionari watatu waliuawa Mei 1881. Kipalapala, hapa jirani na mji wa Tabora, palianzishwa kituo na nyumba ya yatima, lakini mwaka 1889 mapadre wakalazimika kuondoka kwa sababu ya uhusiano mbaya na Mtemi Isike wa Unyanyembe. Shule zenye mizizi zilikuja baada ya hapo, miaka ya 1890, misioni kama Ushirombo na Ndala ziliposimama. Mji wa Tabora wenyewe ulipata misioni ya kudumu karne ilipogeuka.

Kwa nini waliitwa Mapadre Weupe? Ni kwa ajili ya rangi ya ngozi?

Hapana, ni kanzu. Shirika lao, Wamisionari wa Afrika, lilianzishwa mwaka 1868 mjini Algiers na Askofu Lavigerie, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Aliwataka wavae kama watu wa kule: kanzu nyeupe na joho, na rozari shingoni. Wazee wetu waliwatambua kwa mbali kwa ile rozari.

Ni kweli wanafunzi wa kwanza walikuwa watumwa?

Ni kweli, na swali hili lisikwepwe. Tabora na Ujiji zilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya watumwa na pembe. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watoto kwa kutoa bei yao, kisha wanawalea katika nyumba za yatima kama ile ya Kipalapala. Watoto hao walikuwa wameporwa kila mahali, wengine kutoka ng'ambo ya ziwa, hawana ukoo wa kuwatetea wala shamba la kurudia. Ndio waliokuwa wa kwanza kushika kitabu.

Mjue Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa Mali ya leo, akaibiwa mtoto, akavushwa jangwa, akakombolewa Algeria. Kardinali Lavigerie akampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa Kigoma kwenye ukingo wa Tanganyika, akiwa daktari na katekista, yaani mwalimu wa dini, na hakuondoka tena hadi kifo chake mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa akiwa mtoto aliwatibu na kuwafundisha watu wa ziwani kwa zaidi ya miaka sitini. Nikiwasimulia wanafunzi habari hii, darasa lilikuwa linanyamaza lenyewe.

Ila tusipambe. Wengi wa watoto wale hawakuulizwa wanataka nini. Walilelewa kwa kengele, waliozeshwa wao kwa wao, wakapangiwa pa kuishi kando ya misioni. Ukombozi ulikuwa wa kweli, na amri juu yao ilikuwa ya kweli pia.

Shule ya kigango ilikuwaje hasa?

Wengi wanapowaza shule ya misioni wanaona jengo refu la matofali lenye miembe mbele. Hiyo ilikuwa ya parokiani. Watoto wengi hawakuifikia. Walisoma kigangoni, yaani kwenye tawi la parokia huko kijijini, na kigango kilikuwa banda.

Nieleze kama nilivyoelezwa na marehemu baba, aliyeanzia banda la namna hiyo. Nguzo za miti ya miombo, kuta za udongo hadi kiunoni tu ili hewa na mwanga vipite, paa la nyasi. Viti vilikuwa magogo yaliyolazwa chini. Mbele kulikuwa na ubao mmoja uliopakwa masizi yaliyochanganywa na utomvu, na kila mvua za masika zikiisha ulipakwa upya. Hakukuwa na madaftari. Mtoto alisawazisha mchanga mbele yake kwa kiganja, akaandika kwa kidole, mwalimu akapita, akasahihisha kwa ncha ya fimbo, mtoto akafuta. Sleti zilipokuja, ziligawanywa moja kwa watoto watatu. Baba alikuwa na mwandiko mzuri ajabu hadi uzeeni, na alisema ni kwa sababu mchanga haukubali herufi ya haraka.

Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mwembe. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na baada ya hapo sijui kama kulikuwa na kigango kilichokosa kipande chake. Chetu kipo hadi leo. Katikati kimeng'aa na kubonyea pale nyundo ilipogonga miaka yote.

Mwalimu alikuwa katekista. Asubuhi alifundisha a-e-i-o-u, mchana katekisimu, jioni alisimamia sala, na Jumapili ambayo padre hakufika aliongoza ibada. Mapadre Weupe walikuwa na kanuni ya Kardinali Lavigerie: mtu hakubatizwa kabla ya miaka minne ya maandalizi. Hebu waza, miaka minne ya kuja, kusikiliza, kukariri, kusoma. Kwa hiyo banda lile halikuwa la watoto peke yao. Watu wazima walikaa magogo ya nyuma, na ndiyo maana mpaka leo wazee wetu huku wanasema "nilikuwa nasoma" wakimaanisha walikuwa wanajiandaa kubatizwa.

Walimu hao walilipwa na nani?

Walilipwa kidogo sana, na misioni. Mara nyingi ilikuwa nguo, chumvi, fedha kidogo, na waumini wakamlimia shamba. Waliodumu katika kazi hiyo waliipenda. Kila historia ya parokia ninayoisoma inaorodhesha mapadre kwa majina na tarehe zao, halafu inasema "wakisaidiwa na makatekista". Naomba tuache kuandika hivyo. Padre alizuru kigango mara chache kwa mwaka. Katekista alikuwapo kila siku.

Jengo la matofali nalo lilijengwa na nani?

Bruda, yaani mtawa wa kiume asiye padre, alichora na kupima, na mabruda wa shirika lile walikuwa mafundi kwelikweli. Lakini jengo halisimami kwa kamba na timazi tu. Udongo ulikanyagwa na waumini, kina mama walichota maji mtoni, matofali yalifyatuliwa kwa vibao na vijana wa katekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, tanuri likalishwa kuni usiku na mchana. Mbao za paa ni mninga wa pori hilihili, na hazijaliwa na mchwa. Watoto walitoka tanurini na tofali moja kichwani, wakubwa mawili, kila siku kabla ya kipindi cha kwanza.

Katika darasa letu la zamani, ukuta wa upande wa magharibi, mstari wa tatu kutoka chini, kuna tofali lenye alama mbili za kwato za mbuzi. Alilikanyaga likiwa bado bichi. Kila mwaka darasa la kwanza walikuwa wanaonyeshwa, wanaingiza vidole.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "wazungu walitujengea shule", mwambie ramani na saruji vilitoka kwao, na msaada huo tunaushukuru. Mikono ilikuwa ya nyumbani.

Vita ya kwanza ya dunia ilifanya nini kwa shule hizi?

Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wanaume walichukuliwa kubeba mizigo, chakula kikachukuliwa ghalani, vigango vikabaki na wanawake, wazee na watoto. Kigoma ilikaa chini ya Wabelgiji hadi mwaka 1921 ndipo ikakabidhiwa kwa Waingereza. Shirika la Mapadre Weupe lilikuwa na watu wa mataifa mengi, jambo lililosaidia misioni zisiachwe tupu zote bendera zilipobadilika. Kuna wazee walioanza kusoma chini ya Wajerumani na kumaliza chini ya Waingereza, katika banda lile lile.

Babu alisoma miaka mitatu lakini hana cheti wala hayumo kwenye rejesta ya serikali. Kwa nini?

Yaelekea alisoma kigangoni. Waingereza walipopitisha sheria ya elimu ya Waafrika mwaka 1927, shule ziligawanyika makundi mawili. Zilizofuata mtaala na kuwa na walimu wenye vyeti ziliandikishwa na kupata ruzuku. Zilizobaki, yaani mabanda yale ya makatekista, ziliitwa "shule za porini", hazikupata senti, na masomo yake hayakuhesabiwa.

Ndani ya Kanisa palikuwa na mjadala: tupokee fedha za serikali na wakaguzi wake, au tubaki na katekisimu yetu? Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu Dar es Salaam, akawaeleza bila kuzunguka kwamba wasipoweza kufanya yote mawili, bora kanisa lisubiri kuliko shule. Kauli hiyo iligeuza mambo. Tangu hapo misioni zikatafuta walimu wenye vyeti, zikajenga madarasa ya kudumu, na watoto wakaanza kufanya mtihani wa darasa la nne, kisha wachache wakaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane.

Katekista asiye na cheti ndiye aliyelipia mabadiliko hayo. Aliyefundisha kijiji kizima kusoma alijikuta akiambiwa si mwalimu.

Walifundisha kwa lugha gani?

Mwanzoni Kinyamwezi, Kiha na lugha nyingine za nyumbani, hasa katika dini. Kiswahili kilikuwa tayari lugha ya Ujiji na ya soko la Tabora, Wajerumani wakakifanya lugha ya ofisi, Waingereza wakakiweka madarasa ya chini. Kiingereza kilianza juu. Kuanzia mwaka 1950 gazeti la Kiongozi lilifika parokiani, na walimu wengi walilitumia kusomesha kwa sauti.

Wasichana walisoma?

Walisoma, lakini walichelewa na walikuwa wachache. Masista Weupe, yaani Masista Wamisionari wa Mama Yetu wa Afrika, walifika pande hizi miaka ya 1890, wakaanza na wasichana na wagonjwa. Masomo yao kwa muda mrefu yalikuwa kushona, usafi, malezi, katekisimu na kusoma kidogo. Wazazi wengi waliona binti akisoma mahari itapotea, na mapadre wengine hawakuhimiza kama walivyohimiza kwa wavulana. Masista Waafrika, wakiwamo Mabinti wa Maria wa Tabora, ndio waliobadilisha hali: mzazi alipomwona binti wa kijiji kama chake amesimama mbele ya ubao, aliacha kuuliza faida yake nini. Mama yangu mdogo alipelekwa shule kwa sababu hiyo tu.

Mbona Kigoma shule nyingi zilichelewa kuliko Tabora?

Sababu ni zaidi ya moja. Buha, nchi ya Waha huko Kigoma, ilikuwa pembezoni mwa vikariati kubwa, yaani maeneo ya Kanisa ambayo hayajawa majimbo. Kigoma ilipata vikariati yake mwaka 1946 tu, ikawa jimbo mwaka 1953, mwaka ule ule Tabora ilipofanywa jimbo kuu. Barabara za Kasulu na Kibondo zilikuwa mbaya. Halafu kuna manamba: serikali ya kikoloni iliifanya Buha kuwa chimbuko la vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga, na baba akiondoka miaka miwili mitatu, mtoto wa kiume ndiye anayechunga ng'ombe. Rejesta nilizoonyeshwa upande wa Kasulu zimejaa neno moja pembeni ya majina: "ameacha".

Ni kweli Mwalimu Nyerere alifundisha shule ya misioni hapa?

Kweli kabisa. Wengi wanajua alisoma Tabora, shule ya serikali, kuanzia mwaka 1937. Alipotoka Makerere alirudi mji huu kufundisha St. Mary's, shule ya Mapadre Weupe iliyokuwa chini ya Padre Richard Walsh, kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Shule ya serikali nayo ilimtaka. Akachagua ya misioni. Alifundisha baiolojia na Kiingereza, na wakati huo huo alikuwa katibu wa tawi la Tabora la chama cha TAA (Tanganyika African Association). St. Mary's ndiyo Milambo ya leo. Jina "Mwalimu" alilobeba hadi kaburini lina vumbi la Tabora ndani yake.

Kwa nini shule yetu ni ya serikali wakati imesimama ubavuni mwa kanisa?

Hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, mara nyingine kwa hasira.

Baada ya Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, serikali iliona haifai elimu ya mtoto itegemee dhehebu la wazazi wake. Sababu ilikuwa nzito: Waislamu wa Ujiji na wa Tabora mjini walikuwa na watoto wengi waliokosa nafasi, au walioogopa kwamba nafasi ina bei ya ubatizo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zote zilizokuwa zikipokea ruzuku chini ya serikali, na makabidhiano yakafanyika kuanzia 1970. Seminari hazikuguswa, ndiyo maana Itaga na Kipalapala zimebaki za Kanisa. Vipindi vya dini viliachwa kwenye ratiba, kila dhehebu lipeleke mwalimu wake.

Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Siku ya makabidhiano hapakuwa na vurugu. Padre alitoka na fungu la funguo kwenye waya, akamkabidhi mwalimu mkuu mbele ya bwana aliyetoka wilayani, wakapeana mikono. Kilichotuuma watoto ni kwamba picha ya Bikira Maria iliteremshwa darasani, ukutani pakabaki mraba mweupe usio na moshi. Tuliendelea kuutazama.

Maoni yangu? Uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa nchi, na Askofu Mkuu Marko Mihayo pamoja na maaskofu wenzake waliupokea bila kugombana na dola. Kilichokosewa ni matunzo. Paa lililokuwa likizibwa na waumini kila kiangazi lilibaki bila mwenyewe: parokia ilisema si letu tena, halmashauri ikasema fungu halijafika. Mipaka ya viwanja nayo haikupimwa vizuri pengi, na migogoro ya leo imetoka hapo. Kama parokia yako ina mgogoro wa namna hiyo, tafuteni kwanza hati na michoro ya zamani kabla ya kupandishiana sauti.

Shule za parokia za sasa, zile za Kiingereza zenye basi la njano, ni mwendelezo wa zile?

Kwa jina na kwa kiwanja, pengine. Mwaka 1995 sheria ilirekebishwa ikaruhusu tena shule za msingi za binafsi, na majimbo yakaanza upya. Ni shule nzuri nyingi. Lakini zinaendeshwa kwa ada, na mjukuu wa katekista mara nyingi hawezi kuilipa. Parokia inayosherehekea historia yake ingeanza kwa kuwasomesha wajukuu hao.

Nitalipataje jina la babu yangu?

Anza parokiani, si mtandaoni. Omba kwa paroko kitabu cha ubatizo. Humo kuna namba, jina la ubatizo, wazazi, msimamizi, kijiji na tarehe. Wazee wengi wanaijua namba yao kwa kichwa. Muulize kabla hujaenda, itakupunguzia siku nzima. Rejesta za shule ni ngumu zaidi. Katika parokia moja niliyozuru, sanduku zima lilikuwa limeliwa na mchwa. Jalada limebaki, ndani ni unga. Piga picha kila ukurasa unaouona.

Jambo wasilolijua wengi: kila kituo cha Mapadre Weupe kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku, na nakala zake zimehifadhiwa makao yao Roma. Nyingi ni za Kifaransa. Zinataja mvua, vifo, ziara, ufunguzi wa vigango, na mara moja moja jina la katekista.

Ukimhoji mzee, mwache aanze na nyimbo. Akiimba wimbo wa darasa la kwanza, majina ya wenzake yanafuata yenyewe, mstari mzima wa gogo, nani alikaa kushoto kwake na nani kulia. Andika jina la ubatizo pamoja na jina la nyumbani, maana rejesta ina moja na kijiji kinajua jingine. Kisha leta nakala parokiani kwenu, iwekwe kwenye sanduku la bati lenye mfuniko.